Sifa za Lenzi ya Kiti

Wengine na wamsifu simba. Mimi leo nasifu lenzi ya 18-55, ile inayokuja ndani ya boksi la kamera kama nyongeza ya muuza nyanya. Huiita lenzi ya kiti, neno la Kizungu, “kit”, lililopita masikioni mwetu likatoka fanicha. Jina limeifaa: kila mpiga picha ameikalia siku zake za mwanzo, na akishainuka hashukuru.

Canon waliitoa mwaka 2003 pamoja na kamera ya EOS 300D. Ni plastiki mpaka kwenye pete inayoshika kamera, na uzito wake haufiki robo kilo. Mwenye 70-200 ya f/2.8 hubeba zaidi ya kilo nzima. Harusi ikiisha saa saba usiku, yeye anatafuta wa kumkanda shingo, mimi natafuta pilau.

Wanasema ni ya giza. Kweli: ukiivuta hadi 55, tundu lake halifunguki kupita f/5.6, na f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya huo. Lakini ni nani mwingine angenifundisha kumtoa bibi harusi kwenye taa za zambarau nikamsogeza dirishani? Mwenye lenzi ghali huitegemea lenzi. Mimi nalitegemea jua.

Wanasema haifuti nyuma. Ndiyo, na picha za mabingwa zina bibi harusi anayeelea kwenye ukungu. Zangu zina shangazi nyuma yake, jicho moja amelifumba, aking'ang'ana na paja la kuku. Miaka kumi ikipita, familia humuulizia shangazi.

Ifunge kidogo hadi f/8 mchana kweupe, sogea hadi sentimita 28, utahesabu maua ya hina kidole kwa kidole.

Na usalama je? Mwizi aliyefungua begi langu kwenye daladala alichukua chaja, lenzi akaiacha. Niliumia kwa niaba yake.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hii isifuni bila hofu, haitabadilika. Ila maji msiitie ninyi: haina mpira wa kuyazuia, na tone moja la mvua likipenya, sifa zangu zitageuka tanzia.