Msomi wa Nibelheim

Watu wanamsifu Sephiroth, adui wa mchezo wa video Final Fantasy VII wa 1997, eti ana sababu nzito. Haya, tuzitazame. Kajifungia siku kadhaa chini ya jumba la kampuni ya Shinra, anasoma huku akitembea, kitabu mkononi. Katoka hapo kashaamini kuwa mama yake, Jenova, ni wa ukoo wa kale wa Wahenga, na mji wa Nibelheim akautia moto. Kumbe ripoti aliyoisoma ilikosewa: Jenova hakuwa Mhenga hata kidogo, alikuwa balaa lililoanguka kutoka angani. Wala Sephiroth hakuuliza mtu! Mimi lakini namwona mhusika wa kuaminika kabisa. Maana kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo kuna mjomba husoma nusu ya ujumbe, halafu usiku huo hatulali.