Mangi Hasahau, Shangazi Hakosei

Kati ya maswali yote anayoweza kuulizwa mtu msibani, hakuna linalotisha kama hili: "Unanikumbuka?" Muulizaji huwa ameshakushika mkono, na hauachii mpaka ajibiwe. Sura unaijua. Unakumbuka hata anavyocheka, na kwamba zamani alikuwa na baiskeli nyekundu. Jina sasa. Liko hapahapa mdomoni, halitoki.

Waswahili tumeshajiwekea milango ya kutorokea. Wa kwanza ni "Nitakusahauje, ndugu yangu!" ikifuatiwa na kicheko kirefu cha kununua muda. Wa pili ni kuuliza watoto hawajambo, maana karibu kila mtu ana mtoto, na asiye naye ana wa dada yake. Wa tatu ni wa waliobobea: unatoa simu na kusema, "Hebu niandikie namba yako hapa, simu hii mpya, majina yote yamepotea." Mjomba wangu aliutumia mlango huu miaka mingi bila kukwama, hadi alipokutana na mama mmoja aliyeandika namba vizuri, kisha penye jina akaandika: "Mimi."

Kumbe wataalamu wa saikolojia wako upande wa mjomba. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha watu picha za sura, wakawaambia jina la kila mmoja na kazi yake. Ujanja ulikuwa kwamba maneno mengine yalitumika kotekote. Baker ni jina la ukoo kwa Waingereza, na ni mwoka mikate pia. Watu walikumbuka kazi kwa urahisi zaidi kuliko jina, ingawa neno ni lilelile. Ukiambiwa huyu ni mwoka mikate, akili inapata unga, tanuri na harufu ya alfajiri. Ukiambiwa anaitwa Baker, haipati pa kushika. Nadhani wazee wetu waliligundua hili bila kupima mtu: ndiyo maana mtaa mzima unamjua Mama Zuhura, Fundi Baiskeli na Mzee wa Mkaa, na siku ya msiba likisomwa jina kamili la marehemu, majirani wanaulizana ni nani huyo.

Yupo lakini mtu mmoja ambaye kusahau hakumhusu: Mangi wa dukani. Hana daftari, hana kikokotoo. Ana kichwa tu. Anajua nani alichukua mafuta ya kupima, nani alichukua nusu kilo ya sukari, nani alisema "nakuletea jioni", na ilikuwa jioni ya lini. Alinidai mbele ya wageni wangu, kwa sauti ya upole inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Dada, ile sabuni na vocha ya buku." Nikalipa. Wiki iliyofuata akanidai tena, sabuni ileile, vocha ileile. Nilipomwambia nimeshalipa, hakubisha hata kidogo. "Inawezekana, dada," akasema. "Waliolipa huwa siwakumbuki."

Mangi hajui kwamba amenifafanulia kazi ya mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik. Inasimuliwa kwamba huko Berlin profesa wake, Kurt Lewin, alishangazwa na wahudumu wa mgahawa walioshika kichwani bili za wateja, kisha wakazisahau mara baada ya kulipwa. Zeigarnik akafanya majaribio: aliwapa watu kazi ndogondogo, nyingine akawaacha wamalize, nyingine akawakatiza katikati. Mwaka 1927 akachapisha matokeo kwamba zile zilizokatizwa ndizo walizozikumbuka zaidi. Deni, basi, ni kazi iliyokatizwa. Ukilipa, Mangi anapumua na kukufuta. Kinachonitatiza ni upande wa pili. Mdaiwa naye hajamaliza, mbona yeye hakumbuki chochote? Nina binamu ambaye ningependa Zeigarnik angemhoji.

Kuna pia kumbukumbu ya kubeba vitu kwa muda mfupi, ile inayopimwa kila umeme wa LUKU unapoisha. Giza limeingia, ujumbe umefika na tarakimu zake 20, simu iko chaji kwa jirani dirishani, mita iko upande wa pili wa ukuta. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba akili hushika kwa mara moja vitu kama saba hivi, vikizidi au kupungua viwili. Ishirini havikai. Lakini alieleza pia kwamba ukivifunga mafungu, kila fungu huhesabika kama kitu kimoja. Kwa hiyo mimi nikawa nasoma nne nne, kaka yangu anabonyeza. Tulikwenda vizuri mpaka fungu la nne, mtoto wa jirani alipopita akiuliza, "Anko, saa ngapi?" Kaka akajibu, "Saa mbili na dakika kumi." Mita ikakataa. Kaka anaapa aliingiza nilichomsomea. Mimi naamini ndani ya mita ile zimo dakika kumi za mtu.

Hayo yote ni kusahau, na kusahau kuna dawa: mtu anakuna kichwa, anauliza, anakumbushwa. Kazi ni pale mtu anapokumbuka vizuri sana kitu ambacho hakikutokea.

Katika ukoo wetu kuna kisa cha mbuzi. Alikata kamba siku ya harusi ya binamu, akaingia ukumbini. Hapo ndipo makubaliano yanapoishia. Baba mdogo anasema mbuzi alikuwa mweupe na alikula keki ya ghorofa tatu. Shangazi anasema alikuwa beberu mweusi na alikula shada la maua mkononi mwa bibi harusi. Kitindamimba wetu anasimulia vizuri kuwashinda wote, mpaka maneno ya MC, na anasisitiza kwamba yeye ndiye aliyemshika mbuzi pembe. Harusi ile ilifungwa kabla hajazaliwa. Ukimwambia hivyo anakasirika kwelikweli, na kukuonyesha kovu.

Simwiti mwongo, kwa sababu namjua Elizabeth Loftus kwa maandishi yake. Mwaka 1995 yeye na mwenzake Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 visa vya utotoni vilivyotoka kwa ndugu zao: vitatu vya kweli na kimoja cha kutungwa, kwamba waliwahi kupotea kwenye jengo la maduka wakiwa wadogo. Karibu robo yao walifikia kukikumbuka hicho cha kutungwa, chote au sehemu. Kumbukumbu haitunzi tukio na kulitoa kama lilivyowekwa. Kila tunapokumbuka tunalijenga upya, kwa vipande tulivyobaki navyo na vile tulivyosikia kwa wengine, na mwenye nyumba haoni kiungo. Kitindamimba amelelewa juu ya mbuzi yule. Angekosaje kumshika pembe?

Mwishowe tukatafuta albamu. Picha ipo. Mbuzi yupo. Ni wa kahawia, amefungwa kwenye mpapai, ametulia, anatazama kamera. Shangazi akaitazama picha muda mrefu, akavua miwani. "Huyo," akasema, "ni mbuzi mwingine."

Shangazi hajawahi kufika Atlanta, lakini angepata wenzake kule. Asubuhi baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, Januari 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwataka wanafunzi wa kule waandike walikuwa wapi na walisikiaje habari ile. Baada ya miaka kama miwili na nusu yeye na Nicole Harsch wakawauliza tena. Mmoja kati ya wanne alikosea kila kitu, huku wengi wakiwa na uhakika kabisa. Walipoonyeshwa karatasi walizoandika kwa mikono yao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Waliitazama karatasi kama Shangazi alivyomtazama yule mbuzi.

Mzaha wa mbuzi uliisha tulipofika kwenye michango ya bati za nyumba ya bibi, maana hapo palihusu fedha. Kila mtu alikumbuka ameahidi kidogo, na mwenzake ameahidi kingi. Ikaamuliwa kwamba kuanzia sasa kila kikao kiandikwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Ikanunuliwa kaunta buku ya jalada gumu, ahadi zote zikaandikwa, watu wakatia sahihi, na Shangazi akakabidhiwa aiweke mahali salama.

Hapo ndipo tulipokosea kisayansi. Mwaka uleule wa 1986, Eugene Winograd na Robert Soloway walichapisha utafiti kuhusu vitu vinavyofichwa mahali pa pekee. Watu hudhani mahali pasipo pa kawaida hapasahauliki. Kinyume chake ndicho kweli: kitu na mahali pale havina uhusiano, na kimoja hakikukumbushi kingine. Kabatini penye karatasi, Shangazi alipakataa, kwa kuwa kila mtu angepajua. Akachagua pengine.

Tumeshapekua debe la mchele, foronya, ndoo ya vitenge na sanduku la marehemu babu. Kikao kinachofuata ni Jumapili, na ajenda ya kwanza ni kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Shangazi ametutuliza: tusihangaike na daftari, muhtasari wote anao kichwani.