Namna ya Kuthibitisha Kwamba Huna Kitu

Mdogo wangu, hongera kwa kufaulu kidato cha sita. Sasa anza kutafuta hela ya kuombea hela. Ada ya maombi katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni shilingi 30,000, na hairudi hata ukikosa.

Kwanza elewa kwamba umaskini wa kuonekana kwa macho haufai kitu. Paa linalovuja na mama anayeamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua ni porojo tu mpaka vigongwe muhuri. Umaskini halali hupita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa hakimu au wakili. Mimi mwenyekiti wangu nilimfuata siku tatu. Ya nne nikampata, ila muhuri ulikuwa kwa shemeji yake. Mfuate alfajiri, na ile simu kubwa iache nyumbani. Hutaki aanze kusitasita.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili. Kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kihakikiwe. Marehemu amepumzika, wewe ndiye wa kuzunguka. Na hapo ndipo majina yanapogombana: cha kuzaliwa kinasema Saidi, cha kidato cha nne kinasema Said. Herufi moja hiyo itakufikisha kwa wakili kula kiapo kwamba nyote wawili ni wewe.

Fomu utajazia steshenari. Kijana wa pale ni mwepesi wa vidole na mkarimu kupita kiasi: atajitolea kuweka namba yake ya simu na kukutungia neno la siri. Mkatalie, maana ujumbe wa Bodi ataupokea yeye, nawe utabaki kumwomba akusomee.

Majina hutoka kwa awamu. Ukikosa ya kwanza unasubiri ya pili, ukikosa zote kuna dirisha la rufaa. Katikati ya kungoja utaandikiwa na mtu mpole: mkopo wako uko tayari, tuma elfu ishirini faili lifunguliwe. Huyo ni ndugu wa damu wa yule tapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii".

(Wa bure kweli upo. Ufadhili wa Samia ulianza 2022 kwa waliong'ara masomo ya sayansi. Huko wanapima alama, paa hawaliulizi.)

Sasa tuje kwenye boom. Hela ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na baadaye ikapandishwa kuwa 10,000. Ikiingia ya siku 60 ni laki sita kwa mkupuo, kwa mtu ambaye hajawahi kushika hata laki yake. Lakini usiposaini huingiziwi, kwa hiyo siku ya kusaini hata waliokimbia vipindi muhula mzima utawaona foleni. Wiki ya kwanza hosteli nzima inanukia chipsi kuku na viatu vipya. Wiki ya pili mjomba anapiga: "Nasikia serikali inawalipa siku hizi!" Usijaribu kumweleza kwamba ni deni. Kwake ni mshahara, na wewe ni mpwa mwenye roho ngumu. Kufikia siku ya arobaini unapiga pasi ndefu: chai ya asubuhi, kisha mpira mrefu moja kwa moja hadi ugali wa usiku. Wazoefu hulipa kodi ya chumba siku ileile hela inapoingia, halafu wanazima simu. Mimi sikuizima.

Lakini mjomba si peke yake anayesahau kwamba ni deni. Ndani ya neno boom hakuna hata herufi moja ya neno deni, nasi tunalipenda kwa sababu hiyo. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni ilifutwa 2021, na tukashangilia. Deni lenyewe halikufutwa. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya sheria kubadilishwa 2016 ilikuwa 8. Siku hiyo hutatafuta mwenyekiti, hutakula kiapo, na hakuna kungoja awamu ya pili. Utafungua hati ya mshahara wa kwanza ukute makato yamekutangulia, na jina lako limeandikwa sawasawa, pamoja na ile "i".