Kazi Yangu ni Kutupa Karata

Sinema ndizo zilizonichongea. Mtu akisikia kwamba naendesha maisha kwa kucheza poka, anaona suti nyeusi, mwanamke wa gauni jekundu na rundo la dola linalosukumwa katikati ya meza. Kisha ananitazama mimi mwenyewe: shati limefubaa, macho mekundu, mgongo umeanza kujikunja kwa kukaa. Anaamua moja kati ya mawili: ama namdanganya, ama nimeficha hela mahali. Wanaodhani nadanganya hawana shida. Tabu ninayo na hao wa pili, maana ndio wanaoniletea kadi za michango ya harusi wakiwa wamekwisha kuniandikia kiwango.

Basi leo niseme kazi hii ilivyo, angalau niupunguzie umma wivu.

Kwanza, ni kazi ya kutupa karata. Poka inayochezwa siku hizi karibu kila kasino, Texas Hold'em, ina kanuni nyepesi. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha zinafunuliwa tano za wote pale mezani: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja. Kila hatua watu wanaweka dau. Mwisho hela inakwenda kwa mwenye karata bora, au kwa yule aliyechimba mkwara mpaka wenzake wakakimbia. Mgawaji akiwa mwepesi mnapata migao 25 mpaka 30 kwa saa, na anayetaka kula kwa kazi hii anatupa minne katika kila mitano. Piga hesabu: usiku wa saa nane ni migao 200 na ushee, na mara 160 hivi nimesukuma karata zangu kwa mgawaji, nikakunja mikono, nikatazama wenzangu wakifurahia mchezo. Nalipwa kwa kutocheza. Wanaocheza kweli kweli, wanaocheka na kupiga meza, ndio wanaolipa.

Na karata nzuri hazina haraka na mtu. Ree mbili, ambazo hakuna karata za kuanzia zinazozishinda, huja kwa wastani mara moja katika migao 221, yaani karibu mara moja kwa usiku. Unazisubiri tangu saa mbili. Saa tisa zinafika. Unapandisha dau kwa adabu, uso mkavu, na meza nzima inatupa karata. Unakusanya hela isiyofika nauli ya bodaboda. Au linatokea baya zaidi: wanakufuata wanne. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda mara 85 katika 100. Dhidi ya watu wanne wa namna hiyo, zinashinda zaidi kidogo ya nusu. Na Dar es Salaam hii ukipandisha dau watu hawaogopi. Wanalipia ili wajue kuna nini.

Kuna bosi mmoja, mfanyabiashara wa vipuri, mtu mwema kabisa. Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi nina ree mbili, yeye ana tisa mbili. Mezani pamefunuliwa malkia, saba, mbili, kisha nne. Hela zetu zote zimeshaingia katikati, karata tumeziweka wazi, imebaki moja tu ya mwisho. Karata ambazo hazijaonekana ni 44, na tisa zilizobaki ndani yake ni mbili. Maana yake mkao huo ukitokea mara 22, mara 21 ni zangu. Dada anayegawa akagonga meza kwa kidole, akaweka kando karata ya juu kama inavyotakiwa, akafunua: tisa ya kopa. Bosi hakuona. Alikuwa kwenye simu, anamfokea wakala wake juu ya kontena lililokwama bandarini. Alipokata simu akakuta mgawaji anamsukumia mlima wa chipu. "Kwani nimekula?" akauliza.

Nami nikatabasamu nikamwambia, "Umecheza vizuri, bosi."

Kazi nyingine ukiifanya sawasawa unalipwa, ukiharibu unafukuzwa. Hii unaweza kuifanya sawasawa mwezi mzima ukatoka na hasara, na jirani yako wa mezani akaiharibu mwezi mzima akanunua pikipiki. Wataalamu watakwambia usijali, kwa muda mrefu hesabu hujirekebisha. Sawa. Lakini mwenye nyumba wangu hapokei wastani. Nimejaribu kumweleza kwamba kihesabu kodi yake nilikwisha kuipata, ni vile tu bado haijatokea. Akaniuliza kama na umeme nitalipa kihesabu.

Turudi kwa yule bosi, maana watu wanashangaa kwa nini nilimsifu badala ya kupasuka. Nilimsifu kwa sababu yeye ni mteja. Siri ya poka ya kuishi nayo ndiyo hiyo, na haimo kwenye sinema hata moja: huli kwa sababu wewe ni hodari, unakula kwa sababu mezani yumo mtu asiyejali kupoteza. Wakikaa hodari watupu, hela inazunguka tu na kasino inamega kila mzunguko. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni huduma kwa wateja. Nacheka vichekesho nilivyokwisha kuvisikia. Nasikiliza habari za kesi za viwanja. Mteja akitoa chenga ya kijinga ikamfanikia, namwambia sijui alinionaje. Na nikipata nafasi ya kuchagua kiti, nataka mteja awe mkono wangu wa kulia, kwa sababu mchezo unazunguka kwenda kushoto. Yeye anaamua kwanza, mimi naamua nikiwa nimeshamwona. Watu wanagombana kwa ajili ya kiti hicho kuliko wanavyogombania kiti cha dirishani kwenye basi la Mwanza. Anayemfundisha mteja makosa yake, akamweleza kwa hasira kwamba hukupaswa kulipia na tisa mbili, huyo tunamchukia wote. Anatufukuzia riziki.

Halafu kuna kasino yenyewe, mbia wetu asiyewahi kupata karata mbaya. Katika kila mgao wenye hela ya maana inakata asilimia yake. Tuseme meza ina watu tisa, kila mmoja kaja na shilingi 500,000. Jumla milioni nne na nusu. Tuseme kasino inakata wastani wa shilingi 5,000 kwa mgao, migao 30 kwa saa. Hiyo ni 150,000 kila saa. Baada ya saa nane milioni moja na laki mbili imekwenda, zaidi ya robo ya hela yote iliyoingia, na hakuna aliyemwona mwizi. Wanaorudi nyumbani wanalaumiana wenyewe kwa wenyewe. Sisemi ni dhuluma. Kiyoyozi kinalipiwa, walinzi wanalipwa, kahawa ni ya bure. Ila ile kahawa nimewahi kuipigia hesabu, na sijui hoteli gani duniani inauza ghali namna ile.

Kinachobaki ndicho mshahara. Kwenye meza za kawaida mchezaji mzuri huhesabiwa kuingiza, kwa wastani wa muda mrefu, mara tano mpaka kumi ya dau kubwa la lazima, lile linalowekwa kabla mtu hajaona karata, kwa kila saa. Dau hilo likiwa 5,000, ni 25,000 mpaka 50,000 kwa saa. Naona mmeanza kuandika barua za kuacha kazi. Wekeni kalamu chini. Huo ni wastani tena, na wastani mmeshaambiwa mwenye nyumba anauonaje. Hakuna bima ya afya, hakuna likizo, hakuna mafao. Ukiumwa malaria, wateja wako wanaliwa na mwingine.

Tena kabla ya mshahara kuna mtaji. Wazoefu wanashauri uwe na akiba ya kukalia meza mara 20 mpaka 40, ili kipindi cha nuksi kisikumalize. Kwa meza yetu ya 500,000 hiyo ni kati ya milioni kumi na milioni ishirini, hela ya kukaa tu, isiguswe. Sasa mweleze shemeji yako mwenye mtoto anayetakiwa kuripoti shule Jumatatu kwamba milioni kumi unazo lakini huna hela. Nimesema mpaka nimechoka kwamba hilo ndilo jembe langu, nikiliuza nitalima kwa kucha. Ukoo wetu hauna habari na majembe. Kikao cha familia kilinipa jina la "yule mwenye uwezo," na tangu hapo sijashinda kikao hata kimoja.

Na heshima ya jamii usiiulize. Benki wanataka hati ya mshahara. Fomu ya shule inauliza kazi ya mzazi. Naandika "mfanyabiashara" na moyo unanidunda. Mwanangu aliulizwa darasani baba yake anafanya nini, akajibu kwamba baba anacheza usiku. Mwalimu akamuuliza, Simba au Yanga? Mtaani wanaoniona narudi alfajiri, wakati wao wanawahi daladala, wamegawanyika: wengine wananiona mlinzi, wengine wananiona sababu ya kuajiri mlinzi. Mama mkwe, mtu wa swala tano, alikwisha kulimaliza kwa upande wake: kamari ni kamari, hata uipigie hesabu za chuo kikuu. Nilianza kumweleza tofauti kati ya bahati na ujuzi. Akaniuliza, "Huo ujuzi, baba, mbona haukai mpaka tarehe tano?"

Wanaonitia moyo hunitajia mabingwa. Haya, tuwataje. Stu Ungar wa Marekani alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu, 1980, 1981 na 1997. Wengi wanamwona ndiye mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliowahi kushika karata. Kokeini na kamari za kila aina zikammaliza. Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye moteli moja ya Las Vegas, na gharama za mazishi yake ikabidi rafiki zake wachangishane. Bingwa wa dunia, na daftari la rambirambi limepitishwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba Las Vegas na Temeke hazikuachana sana.

Tusisahau mashine. Januari 2017, kule Pittsburgh, programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iitwayo Libratus ilikaa na wachezaji wanne wa kulipwa kwa siku 20, ikawashinda katika jumla ya migao 120,000. Ilikuwa bado poka ya mtu mmoja kwa mmoja, tukajifariji. Mwaka 2019 ikaja nyingine, Pluribus, ikawashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Haichoki, haikasiriki, haina shemeji. Sasa vijana wamejifunza kwa programu za namna hiyo. Wanakuja na vipokea sauti masikioni, hawaagizi kitu, hawasimulii kesi ya kiwanja, hawacheki. Wanaufikiria kila mgao dakika nzima mpaka mteja anapiga miayo, anachukua funguo za gari, anaondoka. Tunabaki tunatazamana wanane, kila mmoja ana hesabu sahihi.

Wiki hii kaja mpwa wangu, mhasibu kijana, anataka nimfundishe. Anataka aache kazi. Amesoma habari za Chris Moneymaker, na jina hilo ni la ukoo wake kweli, ambaye naye alikuwa mhasibu, wa Tennessee. Mwaka 2003 aliingia kwenye mchujo wa intaneti kwa dola 86, akapata nafasi ya ubingwa wa dunia ambao kiingilio chake ni dola 10,000, akaondoka na dola milioni mbili na nusu. Nikamwambia, mwanangu, hayo ni kweli tupu. Walioingia mwaka ule walikuwa 839, waliolipwa ni 63. Wale wengine 776 nao wana majina, mbona huwasomi? Nikamweleza na haya yote niliyoyaeleza hapa: wastani, makato, mtaji, mgongo, mama mkwe.

Alinisikiliza huku anachezea simu. Kisha akasema, "Mjomba, hayo yanawapata wasiojua kucheza."

Nikamwangalia upya. Ana mshahara wa kila mwezi. Hana mke, hana subira, na ana uhakika kwamba amewazidi akili watu ambao hajawahi kukaa nao. Wateja wa sampuli hii nimeshaeleza jinsi walivyoadimika. Nimemwambia asiache kazi kwanza. Aje mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia, nitamshikia kiti mkono wangu wa kulia.