Hotuba ya Mjuzi wa Siri Mbele ya Hadhirina Wenye Siri

Waheshimiwa mabibi na mabwana, mashekhe, walimu, wazee wa mtaa, nanyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha, nawasalimu kwa taadhima inayolingana na cheo changu. Cheo hicho, Mjuzi Mkuu wa Faragha na Siri za Raia katika Mwambao Wote, sikutunukiwa na chuo chochote, kwa sababu vyuo huwapa vyeo watu wanaohitaji kuthibitishwa, nami sijamwona bado aliyefikia daraja ya kunithibitisha. Basi niliketi peke yangu, nikajiuliza maswali magumu, nikajijibu kwa ufasaha, nikafaulu.

Mada yetu ni namna dola iwezavyo kuwakinga raia wake na sheria za upelelezi za dola nyingine. Mtu akiwa Vienna, akimwandikia bibi yake salamu kwa njia ya intaneti, salamu hizo zaweza kulala usiku uo huo katika mashine za kampuni ya California, na kampuni hiyo, itake isitake, huzitii sheria za Marekani. Moja ya sheria hizo ilipitishwa mwaka 2008, na kifungu chake mashuhuri ni cha 702, ambacho huiruhusu serikali ya Marekani kuzilazimisha kampuni zitoe mawasiliano ya mtu anayetafutiwa habari za kijasusi, bila ya hakimu kuombwa idhini kwa kila jina, maadamu mtu huyo ametimiza masharti mawili: asiwe raia wala mkaazi wa kudumu wa Marekani, na awe nje ya nchi hiyo. Hebu tazamaneni, enyi hadhirina. Masharti hayo mmeyatimiza nyote, hata mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake pale nyuma.

Watu wa Ulaya, ambao huipenda faragha kama wanavyopenda kupanga foleni, walipatana na Wamarekani mwaka 2000 juu ya utaratibu ulioitwa Bandari Salama. Kwa utaratibu huo, kampuni ya Marekani iliyotaka kupokea habari za Wazungu ilijiandikisha, ikajichunguza, ikatamka kwa kinywa chake kwamba ni aminifu, na kwa tamko hilo ikaaminiwa. Mfumo huu sina neno nao hata kidogo, kwa kuwa ndio ulionipa mimi cheo changu.

Lakini fitina haikosi mwana. Alizuka mwanafunzi wa sheria kutoka Austria, Max Schrems, ambaye mwaka 2011 aliiomba kampuni ya Facebook nakala ya yote iliyonayo juu yake, akaletewa zaidi ya kurasa 1,200, na ndani yake mlikuwa na mambo ambayo alikwisha kuyafuta kwa mkono wake mwenyewe. Natua hapa kidogo, kwa maana akili yangu, ambayo si akili ndogo, hutaabika kila inapofika kwenye kurasa hizo. Marehemu babu yangu alioa, akalea, akateta na majirani, akasafiri kwa jahazi hadi Maskati na kurudi, na umri wake wote haukujaza zaidi ya karatasi moja ya mirathi, tena upande mmoja. Na huyu kijana, aliye katika umri wa kuulizwa na mama yake kama amekula, alikuwa tayari na msahafu wa maisha yake uliotungwa na watu asiowajua, pamoja na maneno aliyoyajutia.

Mwaka 2013 Edward Snowden alipotoboa siri za upelelezi wa Marekani, Schrems alipeleka malalamiko Ireland kupinga habari zake kuvushwa kwenda Marekani, kwa kuwa makao ya Facebook katika Ulaya yapo Dublin. Kamishna aliyekabidhiwa amana hiyo alikuwa na ofisi yake Portarlington, mji mdogo, ubavuni mwa duka la vyakula, na kutoka hapo aliyapima malalamiko ya kupinga ujasusi wa dola kubwa kuliko zote duniani, akayaona kuwa ni upuuzi na usumbufu. Nampongeza! Mwenye madaraka asiyejua kuita jambo upuuzi hatadumu katika madaraka. Bahati mbaya mahakama hazina adabu hii: kesi ilipanda hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg, na tarehe 6 Oktoba 2015 Bandari Salama ikatangazwa kuwa batili.

Hapo ndipo hekima ya wakubwa ilipodhihiri. Mjinga, paa lake likivuja, hutafuta ngazi. Mwenye hekima hununua ndoo mpya. Kifungu cha 702 kikaachwa mahali pake kwa heshima zote, na mwaka 2016 yakaandikwa mapatano mengine yaliyoitwa Ngao ya Faragha, yenye mpatanishi wa kusikiliza vilio vya Wazungu, naye akawekwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, asije akapata upweke. Tarehe 16 Julai 2020, kwa kesi ya kijana yule yule, mahakama ile ile ikasema kwamba mpatanishi huyo hakuwa na uhuru wa kutosha wala uwezo wa kuwaamuru majasusi, na Ngao nayo ikabatilishwa. Mwezi Mei 2023 mwenye Facebook, kampuni ya Meta, akatozwa faini ya euro bilioni 1.2 kwa kuendelea kuzivusha habari za watu kwenda Marekani; mwezi Julai mwaka uo huo yakaja mapatano ya tatu, na ile njia iliyotozwa faini ikawa njia ya halali. Mwaona jinsi mambo yanavyokwenda kwa mpango?

Katika mapatano haya ya tatu mna johari moja. Mlalamikaji amewekewa mahakama maalumu, ambayo si tawi la mahakama bali ni tawi la serikali, na waamuzi wake huteuliwa na Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Mlalamikaji mwenyewe haendi. Huteuliwa wakili wa kuzungumzia maslahi yake. Na kesi ikiisha, jibu atakaloletewa limekwisha kuandikwa kabla malalamiko yake hayajazaliwa: hathibitishiwi wala hakanushiwi kwamba alipelelezwa, bali huarifiwa kwamba ama hapakuonekana kosa, ama lilionekana na likaamriwa kurekebishwa. Wallahi, nimesoma hukumu nyingi za makadhi na mahakimu, sijaona iliyo salama kuliko hii.

Msidhani kuziweka mashine ng'ambo kutawaokoa. Mwaka 2013 hakimu wa New York aliitaka Microsoft itoe barua pepe zilizohifadhiwa Dublin. Kampuni ikakataa, ikashinda katika rufaa mwaka 2016, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani. Kabla majaji hawajaamua, mwezi Machi 2018 Bunge la huko likapitisha sheria ya bajeti yenye kurasa zaidi ya 2,200, na katika vichaka vya kurasa hizo mkafichwa sheria nyingine, kwamba kampuni iliyo chini ya sheria za Marekani itatoa kilicho mikononi mwake popote kilipo. Mwezi Aprili kesi ikafutwa, kwa kuwa hapakubaki cha kuamua.

Nawaona baadhi yenu mnanong'ona juu ya sheria zetu wenyewe. Ni kweli: Kenya ilitunga yake mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, na zote mbili zina masharti kwa anayepeleka habari za watu nje ya nchi. Nimezipitia kwa haraka, kwa kuwa mjuzi huzisoma kwa makini sheria za wengine tu.

Daftari linalozunguka viti, ambamo nimewaombeni majina matatu, namba ya kitambulisho, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa, lisiwatie hofu. Kila ukurasa ukijaa, mpwa wangu huupiga picha kwa simu yangu, na simu yangu, kwa uaminifu wake, huzipeleka picha zote usiku kwenye hifadhi ya kampuni ya California, bure bila malipo. Kwa hiyo hata mimi nikilipoteza daftari, dola kubwa inaweza kunitunzia.

Ushauri wangu, ambao nimeuandikia serikali zote zinazohusika na ninangojea nauli, ni kwamba mapatano ya nne yaandaliwe mapema, kabla ya hayo ya tatu kubatilishwa, na kamati ya kutafuta jina lake ikutane kwangu, kwa posho.

Namwona bwana mwenye kanzu ya kahawia ameinua mkono. Anauliza kama ukurasa wenye jina lake unaweza kuchanwa, na kama picha yake imekwisha kuondoka. Bwana, nimekusikia kwa makini. Sithibitishi wala sikanushi. Ama hapana kosa lililoonekana, ama lilionekana na nimeamuru lirekebishwe. Swali jingine.