Cherehani ya Saa Nane Usiku

Ndugu yangu, kama kwako kuna mtoto mchanga, mama mkwe na friji moja, sogea hapa tupeane pole. Kama huna hata kimoja, cheka tu, siku zako zinakuja.

Bosi aliwasili wiki ya 33 ya mimba, hatujanunua hata beseni. Alikuwa na kilo 1.9 na uso wa mzee aliyedhulumiwa kiwanja. Wauguzi wakatueleza kwamba mtoto wa umri huo bado hajaweza kupatanisha kazi tatu kwa mpigo: kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi. Ufundi huo huanza kukaa sawa kwenye wiki ya 34 hivi. Kwa hiyo maziwa yakamuliwe, yapite kwenye mpira mwembamba wa puani, akikomaa tuhamie kikombe. Siku ya kwanza Mama Watoto alikamua kwa mkono mpaka jasho likamtoka, likapatikana dang'a la kijiko kimoja cha chai, njano kama kiini cha yai la kienyeji. Mimi nikauliza, "Hiyo tu?"

Usije ukauliza hivyo. Mke wangu alinitazama, muuguzi akanitazama, hata mama wa kitanda cha jirani, ambaye hatujuani, aliacha uji wake akanitazama.

Sheria ya ajira, ilipotungwa mwaka 2004, ilimpa mama siku 84 za uzazi. Baba alipewa siku 3, nazo azitumie ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Zangu ziliishia kwenye benchi la wodi, Bosi nimefungwa naye kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi. Mtindo huo ulianzia Bogotá, kule Kolombia, mwaka 1978, madaktari walipoona watoto njiti ni wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Kazi nzuri, sikatai. Ila ndipo Bosi alipojaribu kunyonya kwa mara ya kwanza, na aliyekuwa karibu ni mimi. Akavuta, akakutana na nywele, akalia kilio ambacho naamini hadi leo hajausamehe ukoo wetu.

Maana tulipofika nyumbani Tabata alilikataa ziwa katakata. Mama Watoto alimpakata hivi, akamgeuza vile, akamwimbia, akamlaza kwapani kama mtu aliyebeba mkate. Bosi alifunga mdomo kama kituo cha polisi kinachokataa dhamana. Wiki mbili za hivyo, wote wawili wanalia, na Wakili naye, kifungua mimba wetu wa miaka sita, akiuliza kwa nini mtoto asipewe chipsi. Usiku mmoja Mama Watoto akafuta machozi, akasema, "Basi. Nitakamua."

Mwenzangu, kumbe nyumba imegeuzwa kiwanda na mimi nimeajiriwa bila barua.

Mashine ya kukamulia ilinunuliwa kwa pesa ya tairi mbili za gari. Gari liko juu ya matofali mpaka ninapoandika. Mama mkwe alipoisikia ikinguruma mara ya kwanza alidhani binti yake anashona sare za shule, ikaitwa Cherehani. Cherehani inaendeshwa mara nane kwa siku, ikiwezekana kumi au kumi na mbili, kwa sababu ziwa lisipotolewa maziwa linajua hayahitajiki, linapunguza. Na zamu isiyosameheka ni ya saa nane usiku. Muuguzi alisema homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Nilimwomba aiambie ipande saa moja jioni baada ya taarifa ya habari. Hakucheka.

Mama Watoto anakamua, mimi naosha. Kila mzunguko kuna vikoni viwili, vichupa viwili, vivali vidogo vya mpira vinavyopenda kupotelea kwenye tundu la sinki, vyote maji ya moto na sabuni, vianikwe juu ya kitambaa safi. Nina shahada ya uhasibu. Mkaguzi huja nyuma yangu na kuvinusa.

Mkaguzi ndiye mama mkwe. Ametoka Ugweno kuja kumwangalia mzazi, na sisi wa Tanga ni watani wa kila mtu, kwa hiyo niruhusu niseme: Mpare hapotezi hesabu. Ana daftari. Saa, titi la kushoto mililita kadhaa, la kulia kadhaa, jumla, kilichonyweka, kilichobaki. Siku nilipomwaga robo kikombe kwa kiwiko aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo niandike imekwenda wapi?"

Kwa upande wangu alikuja Shangazi, jina la nyumbani Bi Pilipili, na sufuria yake mwenyewe kutoka Muheza. Kwake mzazi bila uji wa pilipili manga si mzazi, ni mgonjwa. Kwa Mkaguzi mzazi ni mtori, ndizi zilizopondwa na nyama ya mfupa. Mke wangu alikunywa vyote ili kulinda amani, na mililita zilipopanda, kila mmoja alidai ushindi. Muuguzi alisema kinacholeta maziwa ni kuyatoa mara kwa mara, kunywa maji na kupumzika. Wote wawili wakakubaliana kwa mara ya kwanza: muuguzi bado mdogo. Bi Pilipili ndiye pia aliyeniamuru nilale sebuleni, mtoto asije akabemendwa. Nilimweleza kwamba katika nyumba inayoamka kila saa mbili na nusu hatari hiyo haipo. Akanitupia mkeka.

Maziwa yakiachwa kwenye friji yanajitenga, mafuta juu, maji chini. Bi Pilipili alitaka kuyamwaga, yamekatika. Mkaguzi akasimama mbele ya mlango wa friji kama kipa. Kumbe ndivyo yalivyo: unayazungusha taratibu yanarudiana, unayapasha kwa kukalisha kikombe ndani ya bakuli la maji moto, si jikoni. Mezani yakae saa nne, friji siku nne, kwenye friza miezi sita. Hizo namba nazijua kuliko namba yangu ya NIDA. Polepole akiba ikaota: vifuko 31 kwenye friza, vimelazwa kama faili, kila kimoja na tarehe. Samaki walihamishwa. Barafu ya juisi ya Wakili ilihamishwa, akatishia kwenda mahakamani.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Ijumaa, mwisho wa mwezi, Mkaguzi akasema LUKU inalia. Nikatoa simu, nikanunua ya elfu ishirini, pesa ya mwisho, nikarudi kwenye mpira. Usiku umeme ukaisha. Nikasoma ujumbe wa malipo kwa tochi: namba ya mita iliyohifadhiwa kwenye simu yangu ilikuwa ya nyumba tuliyopanga Mbagala miaka minne iliyopita. Nilikuwa nimempelekea mwenye nyumba wangu wa zamani tokeni ya mwezi mzima, mtu aliyeninyima amana yangu.

Sikumwamsha mtu. Huo nao ujinga. Saa kumi na moja alfajiri Mama Watoto akafungua friza na nikausikia ukimya wake kutoka sebuleni.

Akampigia muuguzi. Muuguzi akasema tuvishike: chenye chembe za barafu ndani kinarudi kuganda, kilichoyeyuka chote kitumike siku hiyo hiyo. Vyote 31 bado vilikuwa na barafu. Nikavitia kwenye ndoo, nikakimbia na bukta kuvuka barabara kwa Mangi mwenye duka, ambaye friza lake haliamini mambo ya kuzimika. Mangi ana roho nzuri. Akasogeza soseji, akavipanga pembeni, hakuuliza hata ni nini, na mimi kwa haya sikusema. Mwanaume utaanzaje? "Mangi, haya ni ya mke wangu"? Nikasema, "Nitunzie mzigo."

Saa nne Mangi akaenda sokoni akamwachia duka mpwa wake.

Jioni Mkaguzi alifungua fundo la khanga, akanikopesha elfu kumi, akaandika kwenye daftari. Umeme ukarudi. Nikaufuata mzigo, nikauleta, akahesabu mara moja, akahesabu tena.

"Ishirini na tisa."

Nikarudi dukani. Mpwa akaniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba zile barafu za maziwa ameuza mbili, mia tano mia tano, kwa Masharubu wa bajaji, na kwamba mteja amelalamika hazina sukari.

Nilitembea kurudi nyumbani polepole sana. Nilifikiria kusema zilipasuka. Lakini mwanamke aliyeketi saa nane usiku, mgongo umepinda, macho yamefumba, akivuna tone kwa tone, huwezi kumdanganya kuhusu vifuko viwili. Nikasema ukweli, wote wakiwa sebuleni. Mama Watoto alifunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimeua. Alipoinua kichwa alikuwa akicheka mpaka anakosa pumzi, na Bosi kwenye mapaja yake anarushwa juu chini kama yuko kwenye daladala la Gongo la Mboto.

Bi Pilipili hakucheka, alikuwa na suala la dini. Ziwa likishanyonywa udugu unaingia, je, Masharubu sasa ni ndugu yake Bosi? Akalifikiria kwa tasbihi, kisha akahukumu mwenyewe: udugu wa kunyonya ni kabla ya miaka miwili, na yule bwana ana ndevu. Kesi imefungwa.

Mkaguzi akaifungua upya. Yeye hakujali udugu, alijali mililita 240. Asubuhi alijifunga khanga, akaenda kijiweni na daftari. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba Jumatano, siku ya kliniki, bajaji ilitusubiri mlangoni, Masharubu kainamisha macho, na nilipouliza nauli akasema imeshaandikwa.

Alitusubiri nje ya kliniki saa mbili nzima. Tulipotoka, Mama Watoto mbele na kadi mkononi, akazima redio, akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akamwambia mke wangu, anayemzidi umri kwa miaka miwili pengine. "Mdogo wangu kafikisha ngapi?"

"Tatu na nusu," akasema Mama Watoto, akaingia kwenye bajaji.