Sifa za Linki Iliyobandikwa Kwenye Orodha ya Kazi

Linki inayobandikwa kwenye programu ya orodha ya kazi ni anwani ya ukurasa au hati fulani, iliyoambatishwa na jambo ambalo bado halijafanywa. Todoist, Microsoft To Do, Google Tasks na nyingine za jamii hiyo huipokea bila kinyongo, ama kwenye jina la kazi, ama kwenye maelezo yaliyo chini yake. Wapo wanaoilaumu kwa urefu wake, kwa sura yake na kwa tabia yake ya kufa bila taarifa. Lawama hizo ni za watu wasioitazama vizuri. Katika vyote vilivyobuniwa ili mtu aahirishe kazi huku akijiona mchapakazi, hakuna kinachotimiza wajibu wake kwa uaminifu kama linki.

Ukoo wake ni wa heshima. Mwaka 1945 mhandisi wa Marekani, Vannevar Bush, alieleza mashine ya mezani aliyoiita memex, ambayo ingemwezesha msomaji kuunganisha hati moja na nyingine na kuzirudia njia zake baadaye. Katika miaka ya 1960 Ted Nelson aliliendeleza wazo hilo kwenye kompyuta, na mwaka 1989 Tim Berners-Lee, akiwa CERN karibu na Geneva, aliandika pendekezo lililozaa mtandao wa leo. Kufikia Desemba 1994 muundo wa anwani ulikuwa umewekwa kwenye waraka rasmi, pamoja na ile mistari mishazari miwili ya mwanzoni ambayo Berners-Lee mwenyewe alikuja kukiri kwamba haikuwa na ulazima. Larry Tesler na wenzake wa Xerox PARC, kule California, walikuwa wameshatangulia katika miaka ya 1970 na ufundi wa kunakili na kubandika. Wataalamu wote hao walitaka maarifa yafikike kwa wepesi. Jasho lao limeishia chini ya kazi iitwayo “Kuangalia bei ya friji”, na hapo ndipo linapoonekana kila siku.

Sifa ya kwanza ya linki ni kimo. Linki iliyonakiliwa kutoka duka la mtandaoni hubeba jina la bidhaa, namba za kundi lake, kisha mkia mrefu wenye vipande vinavyoanza na herufi utm. Herufi hizo ni urithi wa Urchin, kampuni ya kuchambua takwimu za tovuti iliyonunuliwa na Google mwaka 2005, na kazi yake ni kumwambia muuzaji mteja ametokea wapi. Kwa mwenye orodha hazina msaada wowote, lakini kwenye kioo cha simu hujaza mistari minne au mitano na kuzisukuma kazi nyingine chini, zisionekane. Kazi isiyoonekana haimkoseshi mtu usingizi.

Wasiostahimili ukubwa huo huivika linki jina fupi, na hapo ndipo elimu inapoanza. Katika Markdown, mtindo wa uandishi uliotolewa na John Gruber mwaka 2004 na unaokubalika kwenye Todoist, maneno ya kusomwa huwekwa ndani ya mabano ya mraba na anwani hufuata ndani ya mabano ya duara. Katika Org-mode, iliyoanzishwa mwaka 2003 na mwanaastronomia Carsten Dominik, mabano ni ya mraba matupu, tena mawili mawili, na anwani ndiyo hutangulia. Anayetumia mifumo yote miwili ana sababu halali ya kukosea kila siku. Akikosea, anwani, mabano na jina humwagika vyote kwenye kioo, naye hupata dakika kadhaa za kurekebisha kazi badala ya kuifanya.

Lakini sifa kuu ni nafuu inayoletwa na linki moyoni. Mhasibu anapokea ujumbe saa nne asubuhi: “Naomba uipitie hii kabla ya Ijumaa,” na linki chini yake. Anainakili, anafungua programu, anaandika “Kupitia ripoti”, anabandika, anaweka tarehe, anabonyeza. Kazi inajipanga mahali pake, simu inarudi mfukoni, na chai inanyweka. Hakuna hata mstari mmoja wa ripoti uliosomwa. Wanasaikolojia wamelikaribia jambo hili kwa mbali: Bluma Zeigarnik alieleza mwaka 1927 kwamba kazi iliyokatizwa hukumbukwa kuliko iliyokamilika, na mwaka 2011 Masicampo na Baumeister wakaonyesha kwamba mpango mahususi huweza kupunguza usumbufu wa lengo ambalo halijatimizwa, hata kabla ya utekelezaji. Linki imewapita wote, maana haidai mpango. Inatosha kuwa imeandikwa, kama deni kwenye daftari la dukani: mkopaji akishaona jina lake limewekwa, huondoka kifua mbele.

Ipo pia linki uchi, inayobandikwa bila neno lolote la maelezo. Baadhi ya programu huihurumia, zikaenda zenyewe kuchukua kichwa cha ukurasa na kukifanya jina la kazi. Ikiwa ukurasa unadai nywila, kichwa kinachopatikana ni cha mlangoni tu. Ndiyo maana kuna orodha zenye kazi tatu ziitwazo “Ingia” na moja iitwayo “Hati isiyo na jina”, zote za haraka, zote zikiwa na alama nyekundu. Mwenyewe huzipitia kila asubuhi kwa unyenyekevu, akijaribu kukumbuka aliagizwa nini na nani, na kumbukumbu yake hunufaika kwa mazoezi hayo ya bure.

Ijumaa ikifika, linki hubofywa. Kivinjari hufunguka kwanza kwenye kurasa zilizoachwa wazi jana, mojawapo ikiwa na msimamo wa ligi, na msimamo wa ligi hauwezi kupitwa hivi hivi. Baadaye hati inaitwa. Inataka nywila, kisha namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, kisha inatangaza kwamba akaunti hii haina ruhusa na kutoa kitufe cha kuiomba. Mhasibu anakibonyeza. Kuanzia sekunde hiyo ripoti si yake tena: mwenye deni ni aliyeituma, ambaye yuko safarini na atafungua barua pepe Jumatatu. Hakuna msaidizi wa ofisini aliyewahi kuhamisha lawama kwa usafi kiasi hicho, bila kununa na bila kuomba nauli.

Kufa kwake nako kuna manufaa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandaoni zilizokuwepo mwaka 2013 hazikufikika tena miaka kumi baadaye. Berners-Lee alikuwa ameonya tangu 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Wenye orodha ndefu wana kila sababu ya kuwashukuru wasimamizi wa tovuti waliompuuza. Kazi iliyokaa miaka mitatu ikisubiri kusomwa, siku inapojibu 404, huwekewa tiki kwa dhamiri safi. Mwenyewe alifika akabisha hodi, na wenyeji walikuwa wameshahama.

Upeo wa ustadi ni linki inayoelekeza kwenye kazi nyingine ndani ya orodha hiyo hiyo, kwa kuwa katika Todoist na Org-mode kila kazi inaweza kuwa na anwani yake. “Kuandaa bajeti” hubeba linki ya “Kuitisha kikao”, na “Kuitisha kikao” hubeba linki ya “Kuandaa bajeti”, kwa sababu kikao kisicho na bajeti hakina ajenda na bajeti isiyopita kikaoni haina idhini. Kuzunguka hapo kunaweza kumaliza robo nzima ya mwaka. Mzunguko wa namna hiyo hukatizwa na jambo moja tu, nalo ni kufungwa kwa programu. Wunderlist ya Berlin ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na kuzimwa Mei 2020, na watumiaji waliruhusiwa kuhamishia orodha zao Microsoft To Do. Kazi zilihama na maelezo yake. Anwani za ndani ya Wunderlist zilibaki zikielekeza kwenye programu iliyozimwa, na kila kazi iliyozitegemea ikapata likizo isiyo na tarehe ya kurudi.